Benchi la Unga wa Matangi

Kona yetu ina vitu vinne: veranda ya fundi cherehani, kibanda cha fundi redio, jiko la mkaa la Mama Birika, na benchi. Benchi la zamani lilikuwa la mbao. Lilivunjika mwezi uliopita tukiwa wanne juu yake, ila mashahidi wote wanasema lilianza kulia upande wangu. Jana jioni tuliletewa jipya, la kijivu, zito kama mlango wa benki, limelazwa juu ya nguzo mbili fupi. Ukiambiwa limetengenezwa kwa mabaki ya matangi ya maji yaliyosagwa, utacheka. Sisi tulicheka. Mwenyewe aliyelitengeneza hakucheka, kwa sababu leo saa nne asubuhi karakana yake ilikuwa inasubiri hukumu, na shahidi wake pekee alikuwa ni hilo benchi.

Hapa kijiweni naitwa Pasipoti. Nilizunguka nchi kumi na moja nikiwa mpishi wa kambi za ujenzi, na siwezi kumaliza kikombe kimoja cha kahawa bila kutaja angalau tatu. Nilichorudi nacho ni kitambi, sufuria moja kubwa na maoni juu ya kila kitu.

Sasa nikiri jambo mapema, nisije nikaonekana mnafiki mbele ya safari. Jana jioni benchi lilipokuja, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kulikalia. Lilikuwa linang'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa. Nilikaa, nikakunja nne, nikaanza kusema, "Nilipokuwa ng'ambo..." Sentensi hiyo niliimalizia chini. Niliteleza na suruali yangu ya kitambaa laini mpaka miguuni pa Mama Birika, na kikombe bado mkononi. Walicheka mpaka Sindano, fundi cherehani, akalala juu ya mashine yake.

Basi leo alfajiri, kabla hajafika mtu, nilikuja na karatasi ya msasa nikalisugua benchi lote liache kung'aa. Nikisema lote, ninamaanisha robo tatu. Mkono ulichoka kabla sijafika upande wa fundi redio. Nikapuliza vumbi, nikatia msasa mfukoni, nikakaa nikisubiri wenzangu kama mtu aliyefanya sadaka ya siri.

Wa kwanza kuja alikuwa Sindano huyo huyo, kaka wa mke wa Faiba aliyetutengenezea benchi. Akafuata Mawimbi, fundi redio, akakaa pembeni kabisa anakokaa siku zote, karibu na kibanda chake. Mwisho akaja Faiba mwenyewe, fundi wa matangi ya faiba, amevaa shati la kupigwa pasi. Hilo peke yake lilitutia hofu. Miaka kumi na tisa tumemjua ndani ya ovaroli moja.

Sindano: Shemeji, umevaa kama unaenda kuposa.

Faiba: Leo naposwa mimi. Afisa wa mazingira anakuja saa nne. Barua yake si umeisoma?

Sindano: Nimeisoma mara tatu. Rundo la mabaki liondoke au karakana ifungwe.

Mama Birika (akimimina): Na rundo limekwenda wapi?

Faiba: Liende wapi, mama? Dampo wamelikataa. Wanasema haliozi, linawavunjia meno ya mashine yao. Nilifukia kipande nyuma ya choo. Miaka miwili baadaye nimechimba, kimetoka kinang'aa kuliko nilivyokifukia.

Mawimbi: Si uyeyushe? Mbona ndoo zinayeyushwa zinakuwa viti?

Faiba: Ndoo ni plastiki tupu. Ukiipasha moto inalegea, unaimimina upya. Hii ina nyuzi za kioo ndani, na gundi yake ikishaganda imeganda. Nilijaribu kwenye pipa. Haikuyeyuka, ilitoa moshi mweusi tu.

Mama Birika: Huo moshi naukumbuka. Nilikuwa na shuka nyeupe kwenye kamba. Sasa ni shuka ya msiba.

Faiba: Nilishaomba msamaha, mama.

Mama Birika: Na mimi nilishasamehe. Shuka ndiyo haijasamehe.

Tulicheka, lakini Faiba alicheka na mdomo tu. Alikuwa anatazama barabara. Tena alikuwa anajikuna paja.

Sindano: Shemeji, nikwambie ukweli wangu. Mimi nakuombea ushinde leo kuliko unavyojiombea mwenyewe. Wewe ukifungiwa karakana, nyumba ile ya nyuma inakwenda nayo. Dada yangu, watoto wanne, wewe na mkoromo wako, nyote mnahamia kwangu. Nina vyumba viwili, na kimoja kina vitambaa vya watu.

Faiba: Ndiyo maana sijalala wiki tatu.

Sindano: Bora. Zoea kutolala, maana ukija kwangu hakuna pa kulala.

Na yeye Sindano akajikuna, mgongoni, kwa kutumia futi yake ya mbao.

Mimi: Mbu gani hawa wa asubuhi?

Sindano: Si mbu. Mke wangu kabadilisha sabuni. Nilimwambia hii ya kijani itatutoa ngozi.

Mimi nilikuwa nawashwa pia, kuanzia kiunoni kwenda chini, muwasho wa kupanda na kushuka kama kuna kikao cha siafu. Lakini mtu aliyekula kwenye kambi za nchi kumi na moja hasemi kila kinachomuwasha. Nikajibana.

Mimi: Ni damu ya msafiri. Hali ya hewa ikibadilika, mimi mwili unajua kabla ya redio.

Mawimbi: Mbona mimi siwashwi?

Sindano: Wewe huna damu, una waya.

Mawimbi: Cheka. Mtu anayeshinda kwenye mawimbi miaka thelathini, mwili wake unafukuza wadudu wenyewe. Hii ni elimu.

Faiba hakuwasikiliza. Alikuwa ameinama, anapapasa upande wa chini wa benchi kama mtu anayepapasa tumbo la ng'ombe mwenye mimba. Nikamuuliza, ili nimtoe mawazoni, alilipataje. Hapo akabadilika uso. Mwulize fundi kuhusu deni lake la usingizi, atanyamaza. Mwulize kuhusu kazi yake, utatafuta pa kutokea.

Faiba: Nilipata mashine mbovu ya kusaga nafaka, ilikuwa chuma chakavu. Nikaifufua. Nikaanza kusaga mabaki, mapande ya tangi, bampa za mabasi, mabafu yaliyopasuka. Nasaga na maji, vumbi lisiruke, na pua nimezifunga. Benchi la kwanza nilisaga mabaki mpaka yakawa kama unga wa maandazi. Nikachanganya na gundi kidogo na dawa ya kugandisha, nikamimina kwenye kalibu. Likaganda vizuri. Nikalikalia.

Mama Birika: Ikawaje?

Faiba: Likavunjika kama biskuti. La pili hivyo hivyo. La tatu mke wangu akaniita kula, nikaizima mashine mapema. Unga ukabaki na vinyuzi ndani, vifupi hivi, kama ukucha. Nikasema liwalo na liwe, nikamimina. Lilipoganda nikalipiga nyundo. Nyundo ikarudi!

Sindano: Ikarudi?

Faiba: Ikarudi, shemeji! Ilinikosa jino! Siri yote ni kutosaga sana. Zile nyuzi zinashikana mikono humo ndani. Miezi saba nasaga kwa bidii, kumbe bidii ndiyo ilikuwa inaniharibia!

Alisimama. Akawa anaongea na mikono yote miwili. Na sisi, wallahi, tukasimama rohoni. Kuna namna mtu akifurahi na kitu alichokihangaikia, hata wewe usiyejua tofauti ya gundi na uji unajikuta unapumua haraka.

Mawimbi: Subiri kwanza. Kama ni nyuzi, na Sindano ni mtu wa nyuzi...

Sindano: Nilikuwa hapo hapo! Shemeji, tunafuma! Suti ya faiba. Haikunjiki, haihitaji pasi, mvua inateleza.

Mama Birika: Na mvaaji akitaka kukaa?

Sindano: Suti ya watu wa kusimama. Walinzi. Maharusi.

Mawimbi: Mawazo ya veranda hayo. Fikiria nyumba! Ukuta wa hiki kitu, mchwa anakuja, anaonja, anakwenda kuita wazee wake, wanaonja, wanahama mtaa. Paa la hiki kitu. Nguzo za umeme. Na redio, kwa kuwa si chuma, mawimbi yanapita kama hakuna ukuta. Utasikiliza stesheni za sayari nyingine.

Mimi: Mnacheza. Mimi nimeona kwa macho yangu. Kuna nchi nilipika miezi minane, wana vinu vya upepo, bawa moja refu kuliko mtaa huu. Ni faiba tupu. Likizeeka, wanalikata, wanalifanya banda la kuegeshea baiskeli.

Sindano: Wewe kila ulikopika kuna muujiza.

Mimi: Sijamaliza. Nyingine wanaifanya daraja. Nimelivuka mwenyewe na masufuria.

Mawimbi: Na halikuvunjika? Basi nimeamini, hiki kitu ni kigumu.

Hata Faiba alicheka hapo, cheko la kweli. Nikaona nimepata, nikapanda juu zaidi.

Mimi: Daraja ni kidogo. Barabara! Mifuniko ya mitaro, ambayo mwizi hawezi kuiuza kama chuma. Vituo vya basi. Madawati ya shule. Mji mzima wa kijivu, Faiba, na katikati sanamu yako, ya kijivu, ndani ya ovaroli.

Mawimbi: Halafu nchi nyingine zitasikia. Watakuja na meli kuomba takataka zetu. Tutawaambia wapange foleni.

Sindano: Hapana, hapana, ngojeni. Rundo lina ukubwa gani?

Faiba: Kama nyumba ndogo.

Sindano: Basi halitoshi! Barabara, madaraja, maharusi... Shemeji, rundo litaisha!

Tukatazamana. Dakika kumi zilizopita lilikuwa takataka iliyokataliwa na dampo. Sasa ilikuwa inatuuma kwamba ni dogo.

Mawimbi: Linalindwa?

Faiba: Nani aibe?

Mawimbi: Hilo ndilo swali la mtu aliyeibiwa kesho yake. Weka mlinzi. Mimi nitafunga king'ora.

Sindano: Na mtu yeyote mwenye bafu lililopasuka asilitupe. Alete hapa. Mama Birika, wewe tangi lako la nyuma lina ufa.

Mama Birika: Tangi langu lina ufa juu. Chini lina maji. Mkinigusa tangi, kahawa mtakunywa kwa macho.

Tulikuwa tunapiga kelele sote kwa pamoja, tunajikuna sote tuliokalia benchi, isipokuwa Mawimbi, aliyekaa pembeni pake ametulia kama picha ya ukutani. Ndipo tuliposikia mtu anakohoa nyuma yetu, kikohozi cha kubisha hodi.

Alikuwa mwanamke wa makamo, viatu vya chini, faili kwapani. Sijui alikuwa amesimama pale muda gani. Faiba aligeuka haraka mpaka kahawa ikamwagikia shati la kuposwa.

Faiba: Karibu, mheshimiwa. Karibu sana. Hawa ni... hawa ni majirani.

Afisa: Nimewasikia tangu kule kona ya pili. Ni maharusi gani wa kusimama?

Sindano akajifanya anatafuta uzi.

Afisa: Fundi, nimetoka kwenye karakana yako. Rundo liko vile vile nilivyoliacha.

Faiba: Ndiyo, mama. Ila limeanza kupungua. Hili benchi limetoka humo. Kilo sitini na mbili za mabaki, nimepima. Nikipewa muda, nasaga lote. Mifuniko, mabenchi, nguzo. Nimelileta hapa lijaribiwe na watu, tena watu wazito.

Wote walinitazama mimi. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa mtu aliyetumiwa kama kipimo.

Afisa akaligonga benchi kwa kifundo cha kidole. Akachutama, akaangalia nguzo. Akainuka, akatutazama mmoja mmoja, polepole, kama mwalimu anayetafuta aliyepiga mluzi. Sindano alikuwa anajisugua mgongo kwenye nguzo ya veranda. Mimi mkono wangu ulikuwa mahali ambapo mkono wa mtu mzima haukai mbele ya mgeni. Faiba alikuwa anajikuna paja bila kujua. Fundi wa faiba anawashwa tangu siku ya kwanza ya kazi, hajui tena kama anawashwa.

Afisa akamnyooshea kidole Mawimbi.

Afisa: Mbona huyu hajikuni?

Nimesafiri, nimeulizwa maswali na askari wa mipaka wenye mbwa. Sijawahi kuona swali dogo hivyo likigeuza vichwa vingi hivyo kwa mpigo. Mawimbi akataka kutoa ile elimu yake ya mawimbi, akamwangalia yule mama, akageukia kikombe chake.

Afisa akafungua faili.

Afisa: Fundi, kitu kinachowasha wananchi siwezi kukiruhusu kiwekwe barabarani. Unaelewa?

Nilimwona Faiba uso ukizimika. Alilitazama benchi kama linavyotazamwa jeneza. Alikuwa anatafuta kosa lake, miezi saba ya makosa yake, lipi limerudi. Na Sindano, naapa, alikuwa anahesabu vyumba.

Na mimi, hapo ndipo akili yangu, ambayo husafiri polepole kuliko mwili, ilipofika. Robo tatu. Mkono ulichoka kabla ya upande wa Mawimbi.

Nikatoa msasa mfukoni. Ulikuwa wa kijivu kwa vumbi.

Mimi: Mama, fundi hana kosa. Ni mimi.

Faiba: Wewe umefanya nini?

Mimi: Niliteleza jana, mkacheka. Leo alfajiri nimekuja nikalisugua. Nilitaka liache kung'aa.

Faiba: Umesugua koti la juu? Lile linaloziba nyuzi?

Mimi: Sikujua kama ni koti. Nilidhani ni majivuno.

Faiba: Pasipoti! Nchi kumi na moja! Hakuna hata moja walikokufundisha kukiacha kitu cha mwenzio?

Mimi: Nilikuwa jikoni muda wote, kaka.

Mama Birika alicheka kwanza, akajaribu kukificha kicheko ndani ya kanga, kikamtoroka. Afisa hakucheka. Alipitisha kiganja upande wangu, akakiangalia kwenye jua: vinyuzi vidogo vinametameta. Akapitisha upande wa Mawimbi. Kiganja safi. Akamwambia Mawimbi asogee, akakaa pale pale pembeni, faili mapajani.

Afisa: Kahawa ipo?

Mama Birika: Ipo, mwanangu. Inakaribia kuisha, lakini ipo.

Akanywa. Sisi tukasimama mbele yake kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani, na hakuna aliyethubutu kujikuna. Nilihesabu miguu ya kuku aliyepita, mara mbili. Kikombe kikaisha. Hakujikuna. Aliinuka, akajipangusa, akasubiri tena kidogo. Hakujikuna.

Afisa: Unasaga na maji?

Faiba: Na maji, mama. Na barakoa. Na mlango umefungwa.

Afisa: Miezi mitatu. Nikirudi rundo liwe nusu. Kila kinachotoka kiwe na hilo koti pande zote, na lisiteleze. Tia mchanga kidogo kwenye koti. (Akanigeukia.) Na huyu asipewe msasa.

Sikumbuki nani alipiga kelele kwanza. Nadhani ni Sindano, aliyemkumbatia shemeji yake mpaka kifungo cha shati kikaruka. "Unabaki kwako! Unabaki kwako na mkoromo wako!" Mawimbi akawasha redio zote tatu za wateja, stesheni tatu tofauti. Mama Birika akaupiga mfuniko wa birika kama ngoma.

Afisa alikuwa ameshapiga hatua tano. Akasimama, akageuka.

Afisa: Fundi. Na hili benchi likichakaa, litapelekwa wapi?

Redio zikazimwa. Faiba akamtazama Sindano. Sindano akamtazama Mawimbi. Mawimbi akanitazama mimi, mtu wa nchi kumi na moja, na mimi nikatazama chini, maana hapo tu ndipo palipobaki pa kutazama.

Chini, kwenye ardhi mbele ya nguzo ya benchi, kulikuwa na vumbi langu la alfajiri, kijirundo cha kijivu kama unga uliomwagika dukani. Faiba alikuwa analitazama hilo hilo. Nikaona midomo yake inacheza bila sauti.

Akapiga magoti, na shati lake la kuposwa.

Faiba: Limesagika mara ya pili... Msirushe! Mtu asipumue! Maji, nipeni chochote cha majimaji, lisiruke!

Akanyakua birika mkononi mwa Mama Birika, akalimiminia lile vumbi kahawa, akaanza kulikusanya kwa ukingo wa faili la afisa, ambalo sijui alilichukua saa ngapi.

Faiba: Mama, jibu labda ni hili vumbi. Nipe wiki moja nijue kama linaganda tena likawa benchi jingine.

Afisa aliangalia faili lake likipakwa tope la kahawa. Akachutama karibu naye, akashika ukingo wa pili ili lisimwagike.

Mama Birika: Hiyo kahawa ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Tulikuwa tumeinama sote, vichwa vinagusana, tukitazama kijiko kimoja cha tope.